Gari la wagonjwa haliwezi kuwa na mashefu kumi

Kila mara balaa inapotupata huku mashariki ya Congo, wa kwanza kufika ni watu ambao hawalipwi. Ilikuwa hivyo Sange, katika bonde la Ruzizi, usiku wa Julai 2, 2010, lori la mafuta lilipopinduka na kuwaka moto. Ilikuwa hivyo Bushushu na Nyamukubi, eneo la Kalehe, Mei 2023, maji na matope yaliposomba nyumba na watu wake. Ilikuwa hivyo Kituku, Oktoba 3, 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilipozama karibu na bandari, mbele ya macho ya watu waliokuja kupokea ndugu zao. Na ilikuwa hivyo Goma mwisho wa Januari 2025, hospitali zilipojaa majeruhi hadi wengine kulala sakafuni. Majirani, vijana wa parokia na wa kata, wanamemba wa Msalaba Mwekundu na vizibao vyao: hao ndio tunawaona kwanza.

Tukizungumza juu ya watu hao, tunazungumza juu ya vitu wanavyokosa: gari, mafuta, glavu, machela, bima. Yote ni kweli, na yote yasemwe tena. Lakini kuna kitu kingine kinachokosekana ambacho hakinunuliwi sokoni, wala hakihitaji mfadhili kutoka Geneva au Kinshasa. Kitu hicho ni kujua nani anaamuru. Mara nyingi timu ya kujitolea inapanda gari bila mtu kuuliza swali hilo. Jibu wanalitafuta barabarani, mbele ya mgonjwa, na huko wamekwisha kuchelewa.

Hoja yangu ni hii. Katika gari la wagonjwa, shefu awe mmoja, ajulikane kabla injini haijawashwa, na achaguliwe kwa ujuzi wake juu ya mgonjwa, si kwa umri, mali, cheo cha mtaani wala nguo ya kazi. Na yule anayeamuru ndiye ajibu. Bila hayo, moyo mzuri wa watu wetu utaendelea kupoteza maisha ambayo ungeweza kuokoa.

Tuchukue ajali ya kawaida

Mfano huu si habari ya siku fulani, lakini mtu yeyote anayepita barabara ya Sake au ile ya Kavumu ataitambua hali yenyewe. Pikipiki mbili zimegongana na gari dogo. Watu wanne wako chini. Ambulansi inafika na watu watano ndani: shofere anayelipwa na hospitali, muuguzi msichana aliyemaliza masomo juzi, na watu watatu wa kujitolea. Mmoja wa hao watatu ni mzee anayeheshimiwa katika kata nzima.

Mzee anasema waanze na mama anayelia kwa sauti. Muuguzi anasema hapana, yule kijana aliyenyamaza pembeni ndiye yuko hatarini zaidi. Shofere anakumbusha kwamba gari linabeba wawili tu, na mafuta yaliyopo ni ya kwenda na kurudi mara moja. Polisi anataka mwenye gari dogo atangulie kwa sababu ni mkubwa fulani. Ndugu wa dereva wa pikipiki wamekwisha kumwinua mtu wao kwa mikono na miguu, kichwa kinaning'inia. Mmoja wa wanajitolea anapigia simu rais wa komite yake kumuuliza la kufanya. Rais yuko kwenye harusi, hasikii.

Hapo hakuna mtu mbaya hata mmoja. Wote wanataka kusaidia, na wote wanapoteza muda. Mtu aliyekatika mshipa mkubwa wa damu anaweza kufa kwa dakika chache. Mtu aliyezimia anaweza kufa kwa sababu tu ulimi wake au matapishi yamefunga njia ya pumzi. Mama anayelia ana maumivu, lakini kilio chake kinaonyesha kwamba anapumua. Muuguzi anajua hayo, kwa sababu ndiyo aliyofundishwa. Lakini ni msichana, ni mdogo kuliko wote, na mzee amemwambia: "Wewe mtoto, subiri kwanza." Akasubiri.

Kwa maoni yangu, shida ya timu hiyo ilianza kwenye lango la hospitali, watu watano walipopanda gari bila kuambiwa nani ni nani.

Mamlaka yetu yanatoka mahali pengine

Katika maisha yetu ya kila siku tunajua vizuri nani wa kusikilizwa. Katika mkutano wa familia, mkubwa kwa umri anasema wa mwisho. Kanisani, mchungaji au padri. Katika avenyu, shefu wa avenyu. Kwenye shughuli, mwenye kutoa pesa. Barabarani, mwenye sare. Desturi hizo zimetulinda katika nchi ambapo mara nyingi serikali iko mbali, na sina nia ya kuzicheka.

Lakini gari la wagonjwa si mkutano wa familia. Damu haingojei mzee amalize maneno. Mtu aliyetoa ambulansi, awe mbunge, mfanyabiashara au shirika, amefanya jambo jema, ila kutoa gari hakumpi ujuzi wa kujua nani abebwe kwanza. Vilevile rais wa komite aliyechaguliwa kwa kura anaweza kuwa hodari wa kuendesha mikutano na kutafuta msaada, na asijue kufunga mguu uliovunjika. Cheo chake kina kazi ofisini. Hakipandi nyuma ya gari pamoja naye.

Kuna pia mchanganyiko unaozaa ugomvi kimyakimya. Ndani ya gari moja mnakuta shofere mwenye mshahara, hata kama unachelewa miezi, muuguzi mwenye posho, na wanajitolea wasio na kitu. Kila mmoja ana mkubwa wake: shofere anaripoti kwa msimamizi wa hospitali, muuguzi kwa daktari, wanajitolea kwa komite yao. Hiyo ni mistari mitatu ya amri, na haikutani mahali popote ila juu ya kifua cha mgonjwa. Siku zote zinaenda vizuri mpaka siku mistari hiyo inapotoa amri tatu tofauti.

"Hunilipi, utaniamuruje?"

Neno hili linasikika sana katika vikundi vya kujitolea, na linastahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu lina uchungu ndani yake. Kijana ameacha pikipiki yake inayomlisha, amekuja bila chakula, halafu mtu mwingine asiyelipwa kama yeye anampigia kelele. Anauliza: kwa haki gani?

Tutazame kwaya zetu. Goma, Bukavu, Butembo, Uvira, kila Jumapili mamia ya watu wanaimba bila mshahara. Wanakuja mazoezini jioni baada ya kazi, wengine kwa miguu. Lakini mwongozaji akiinua mkono, wote wananyamaza. Akionyesha sauti ya pili, ya kwanza inangoja. Katibu wa kwaya anaweza kuwa profesa wa chuo kikuu na mwongozaji akawa fundi cherehani. Wakati wa wimbo, profesa anamfuata fundi cherehani. Sijasikia mwimbaji akimwambia mwongozaji kwamba hawezi kumfuata kwa sababu hamlipi. Wanajua kwamba bila mkono mmoja unaoongoza, uzuri wa sauti zao utageuka kelele.

Kujitolea maana yake ni kwamba hakuna aliyekulazimisha kuingia. Kukiisha kuingia, utii wako ni sehemu ya zawadi uliyoleta. Harakati ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kanuni zake saba mjini Vienna mwaka 1965, na huduma ya kujitolea ni moja kati ya hizo saba. Inasema juu ya kutotafuta faida. Haisemi kwamba kila mmoja afanye anavyopenda. Katika zile saba kuna pia umoja, kutokuwa na upande na kutobagua, na hakuna hata moja inayowezekana kwa timu ambayo kila mtu ndani yake ni shefu.

Asiyetaka kuamriwa na mwenzake ana haki kamili ya kubaki nyumbani. Hana haki ya kupanda gari halafu abishane juu ya mgonjwa.

Shefu ni nani basi?

Jibu langu ni kwamba shefu wa safari ni yule mwenye ujuzi mkubwa zaidi wa kumhudumia mgonjwa kati ya wale waliomo garini siku hiyo. Kama yuko muuguzi, ni muuguzi, hata awe na miaka 23. Kama hakuna muuguzi, ni mwokoaji aliyepata mafunzo zaidi. Jina lake linatajwa kwa sauti kabla ya kuondoka, na kila mmoja analisikia. Inachukua nusu dakika.

Shefu mmoja hamaanishi shefu wa kila kitu. Shofere ndiye mwenye barabara. Akisema daraja hili halipitiki, au breki hazishiki, shefu hamlazimishi. Shefu ndiye mwenye mgonjwa. Akisema simama, nataka kuangalia pumzi yake, shofere anasimama mahali salama. Mwingine ndiye mwenye kuandika saa, jina na hali ya mgonjwa. Mwingine ndiye mwenye kuzungumza na familia. Kila mmoja ana shamba lake, na mipaka ya mashamba imejulikana kabla ya mvua.

Sisi watu wa Beni, Butembo na Mangina hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Wakati wa ugonjwa wa Ebola uliotangazwa Agosti 1, 2018 na kumalizika Juni 25, 2020, na ambao uliua zaidi ya watu 2,200, wanajitolea wa Msalaba Mwekundu walifanya kazi ngumu kuliko zote: mazishi salama na yenye heshima. Wengine walirushiwa mawe. Katika timu hizo kila mtu alikuwa na nafasi yake. Yuko aliyeongoza timu, yuko aliyezungumza na familia, wako waliobeba mwili, na yuko aliyenyunyiza dawa. Na wakati wa hatari kuliko yote, wakati wa kuvua mavazi ya kinga, aliyevaa hakujiamulia mwenyewe. Alifuata hatua kwa hatua maneno ya yule anayemwangalia na kumnyunyizia. Sasa inua mikono. Sasa geuka. Sasa glavu ya juu. Kiongozi wa timu alipofika zamu yake ya kuvua, naye aliongozwa vilevile.

Hilo ni somo lililolipiwa kwa gharama kubwa, na tuliweke akilini. Mamlaka yalifuata kazi, si mtu. Aliyeongoza asubuhi aliongozwa saa sita, na hakuna aliyehesabu kwamba amedharauliwa. Kama tuliweza kufanya hivyo mbele ya Ebola, kwa nini tushindwe mbele ya ajali ya pikipiki?

Shefu anaweza pia kubadilika safarini. Akifika daktari au muuguzi mwenye ujuzi zaidi, yule wa kwanza anamkabidhi kwa maneno wazi: mgonjwa ni huyu, tumemkuta hivi, tumefanya hiki, kuanzia sasa ni wewe. Bila maneno hayo, wawili wanadhani wanaongoza, au kila mmoja anadhani mwenzake anaongoza. La pili ni baya zaidi, kwa sababu mgonjwa anabaki bila mtu katikati ya watu wengi.

Mdogo asikatazwe kusema

Wengine watanijibu: ukimpa mtu mmoja amri, kesho atageuka mfalme. Wana haki ya kuogopa. Tumeona marais wa vikundi wanaotawala kwa miaka mingi, wanaogawa mafunzo na posho kwa wajomba na wapwa. Tumeona wakubwa wasiokubali neno kutoka chini. Shefu asiyesikia ni hatari sawa na timu isiyo na shefu.

Watu wa ndege walijifunza hilo kwa msiba. Machi 27, 1977, kwenye uwanja wa ndege wa Tenerife, kisiwa cha Hispania, ndege mbili kubwa ziligongana zikiwa chini na watu 583 wakafa. Katika mojawapo, fundi wa ndege alikuwa ameuliza kama ndege ile nyingine imekwisha kutoka njiani. Rubani mkuu, mtu wa uzoefu na cheo kikubwa, alimjibu kwa uhakika kwamba imetoka, na akaendelea kukimbiza ndege. Fundi hakuuliza tena. Baada ya hapo mashirika ya ndege yalianza kufundisha mambo mawili pamoja: rubani mkuu anabaki mkuu, lakini mdogo anatakiwa kusema anapoona hatari, na mkuu anatakiwa kusikia.

Ndivyo iwe kwetu. Katika jambo la hatari, mtu yeyote katika timu, hata aliyejiunga wiki iliyopita, awe na haki ya kusema neno moja: "Simama." Nalo likisemwa, wote wanasimama, wanatazama, halafu shefu anaamua. Turudi Sange. Lori lilianguka, mafuta yakamwagika, watu wakakusanyika na vidumu kuyachota, kisha moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 200, wakiwemo waliokuwa ndani ya nyumba wakitazama mechi ya Kombe la Dunia. Mahali kama pale, kabla ya moto, mwokoaji mwenye harufu ya petroli puani na neno "simama" mdomoni ni wa thamani kuliko machela kumi. Isiwe kwamba ananyamaza kwa sababu aliyesema "twendeni" ni mkubwa wake.

Ila tutofautishe. Kusema "simama, kuna petroli" ni kulinda timu. Kusema "mimi ningefunga bandeji kwa njia nyingine" mbele ya familia inayolia ni kuvunja timu. Maneno ya pili yana mahali pake, nayo ni baada ya kazi, gari likiisha kuoshwa, wote wameketi. Hapo cheo kinawekwa pembeni. Muuguzi anaulizwa kwa nini alichagua huyu kabla ya yule, shofere anaulizwa kwa nini alipita njia ile, na mdogo anaanza kusema kabla ya wakubwa, ili asije akarudia tu maneno yao. Timu isiyo na kikao hicho italeta malumbano yake barabarani, maana lazima yatokee mahali fulani.

Wanaoamuru kutoka nje

Kuna wakubwa wengine ambao hawamo garini lakini wanataka kuliendesha. Mwenye bunduki anataka wa kwake atangulie. Mkubwa wa ofisi anataka ndugu yake asilale pamoja na wengine. Umati unakataa aliyesababisha ajali asiguswe, ikiwezekana afe palepale.

Katika jambo hili timu haiko peke yake. Daktari Dominique Larrey, mpasuaji katika majeshi ya Napoleon, alikuwa amekwisha kushikilia zaidi ya miaka 200 iliyopita kwamba majeruhi mwenye hali mbaya zaidi ndiye ahudumiwe kwanza, bila kutazama cheo. Kupanga wagonjwa namna hiyo ndiko waganga wetu wanaita triaji. Mkataba wa kwanza wa Geneva wa Agosti 22, 1864 ulitambua kwamba ambulansi za vita hazina upande. Mikataba ya 1949 ikasema wazi kwamba ni sababu za haraka za kiganga peke yake zinazoweza kumtanguliza mgonjwa mmoja mbele ya mwingine. Na itifaki ya pili ya 1977, inayohusu vita vya ndani ya nchi, inakataza kubagua majeruhi kwa sababu nyingine isiyo ya kiganga, na inakataza kumlazimisha mhudumu wa afya kutenda kinyume na maadili ya kazi yake.

Maneno hayo ni mazuri kwenye karatasi, lakini barabarani nani atayasema? Hapa ndipo ngazi ya amri inageuka kinga. Kwenye barieri, mtu mmoja tu azungumze. Watu watano wakijibu, watatoa majibu matano: mmoja atasema wanatoka Sake, mwingine Mubambiro, wa tatu atacheka kwa hofu. Mwenye silaha ataona uongo hata pasipo na uongo, na mgonjwa atashushwa ili apekuliwe. Mtu mmoja anayesema polepole, tumembeba nani, tunatoka wapi, tunaenda hospitali gani, anapunguza hatari ya wote. Wengine mikono ionekane, midomo ifungwe, simu mfukoni.

Na mkubwa akisema "mbebe huyu kwanza", muuguzi wa miaka 23 hapaswi kupigana naye kwa nguvu zake mwenyewe. Anatakiwa kuwa na neno la kutegemea: "Papa, si mimi ninayeamua, ni kanuni ya timu. Anayeanza ni yule mwenye hali mbaya zaidi." Neno hilo lina uzito tu kama kweli kanuni ipo, imeandikwa, na mkubwa wa hospitali na rais wa komite watasimama nyuma yake kesho yake asubuhi simu za malalamiko zikianza kulia. Kama watamkana, mara ya pili atamtanguliza ndugu wa mkubwa, na hatuna haki ya kumlaumu.

Anayeamuru ndiye ajibu

Jambo la mwisho ndilo zito kuliko yote, na ndilo watu wasiopenda ngazi ya amri wanalisahau. Ngazi ile inayoshusha amri ndiyo inayopandisha wajibu.

Kijana wa kujitolea akijichoma sindano yenye damu ya mgonjwa, nani anamlipia vipimo na dawa? Akipigwa risasi njiani, nani anaenda kwa mama yake? Gari likipinduka, nani anasimama mbele ya polisi pamoja na shofere? Mahali ambapo haikuandikwa nani alimtuma, jibu la wakubwa linajulikana: "Alikwenda kwa kupenda kwake." Hapo ndipo neno "kujitolea" linageuka mlango wa kutorokea. Wakati wa picha na hotuba, kijana ni wetu. Wakati wa hospitali na jeneza, alikuwa peke yake.

Kwa hiyo mwanajitolea mwenyewe ndiye angetakiwa kuwa wa kwanza kudai shefu. Karatasi moja yenye tarehe, saa ya kuondoka, majina ya waliopanda, jina la aliyeongoza na la aliyetoa ruhusa ya safari, ndiyo ushahidi kwamba hakuenda kutembea. Alitumwa, na aliyemtuma anajulikana. Mkubwa anayekataa kutia sahihi hiyo hana haki ya kutoa amri.

Yanayoweza kufanyika wiki hii

Kwa komite za kujitolea, kila safari ianze kwa maswali matatu kwa sauti: nani anaongoza juu ya mgonjwa, nani anazungumza na watu wa nje, na tukitengana tukutane wapi? Shefu wa safari asiwe wa maisha. Amri yake ianze gari linapoondoka na imalizike mgonjwa anapokabidhiwa na gari kuoshwa. Wasichana wenye ujuzi waongoze kama wavulana, na wazee wawe wa kwanza kuonyesha kwamba wanawafuata. Mzee anayeheshimiwa akisema mbele ya watu, "Leo shefu wetu ni huyu binti, mimi ninashika machela", amefanya kazi kubwa kuliko kubeba wagonjwa kumi.

Kwa hospitali na vituo vya afya, mkitoa shofere na gari kwa timu ya kujitolea, mwandike kwa mistari mitano nani anamsikiliza nani, na mkubaliane na komite kabla ya ajali, si baada yake. Kwa wanaotoa magari, mpeni mtu ufunguo na mumwachie uamuzi. Jina lenu linaweza kubaki kwenye mlango wa gari.

Kwa viongozi wa serikali na kwa kila mwenye silaha, popote alipo, gari la wagonjwa likisimama mbele yenu, muulizeni shefu wake maswali yenu na mumwache apite. Siku moja atakuwa amembeba mtu wenu.

Na kwetu sisi wakaaji tunaokimbilia mahali pa ajali, tuwape nafasi. Yule kijana mwenye kizibao akituambia turudi nyuma hatua kumi, turudi, hata kama tunamjua tangu alipokuwa akicheza mpira wa makaratasi kwenye avenyu yetu. Akimwacha ndugu yetu anayelia na kumwinamia mwingine aliyenyamaza, tusimvute shati. Kuna mtu ndani ya timu ile aliyepewa kazi ya kuchagua, na anaifanya bila mshahara. Tumwache aifanye, kisha tumuulize maswali baadaye, mbele ya wale waliomtuma.